Weusi wa Udongo Una Mwisho

Mkulima anayetafuta shamba jipya kandokando ya Kamina huangalia rangi kwanza. Akikuta nyasi zimepita kichwa cha mtu na udongo mweusi chini yake, anajua amepata. Na kweli, mwaka wa kwanza mahindi hutoka na kijani kilichokolea, muhogo hujaza, na majirani huuliza ametumia mbegu gani. Mwaka wa pili mavuno bado yanaridhisha. Kuanzia wa tatu au wa nne majani ya chini hugeuka manjano mapema, magugu hushinda jembe, na mwenye shamba huanza kuulizia ardhi nyingine ng'ambo ya mto. Watu husema shamba limechoka, wanahama.

Nina jambo moja la kusema katika makala haya, na ushauri wote utakaofuata unatokana nalo. Weusi ule ni akiba iliyowekwa na mizizi ya nyasi pamoja na viumbe wadogo wa ardhini kwa miaka mingi sana, nasi tunaila bila kurudisha. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayetaka shamba lake liendelee kuzaa hana budi kuwalisha viumbe waliouweka weusi huo.

Jambo hili ni zito kwetu. Haut-Lomami ina ardhi, ina mvua kuanzia Oktoba hadi Aprili, na ina reli iendayo Lubumbashi. Hata hivyo, miji ya migodi kusini mwetu imezoea kupika bukari kwa unga wa Zambia, na kila Zambia inapobana mauzo yake nje, bei hupanda mpaka mama wa nyumbani anapima unga kwa kikombe. Tunaweza kulisha nyumba zetu na kuuza ziada, lakini si kwa kuhamahama kila baada ya miaka mitatu. Nyasi zilizopumzika miongo mingi karibu na mji zinazidi kwisha.

Weusi unatoka wapi

Msitu wa miombo huweka sehemu kubwa ya utajiri wake juu, katika mashina, matawi na majani. Nyasi hufanya kinyume: sehemu kubwa ya mwili wake iko chini, katika mizizi myembamba isiyohesabika. Kila mwaka baadhi ya mizizi hiyo hufa, na bakteria na kuvu huila. Kinachobaki baada ya mlo huo, pamoja na mabaki ya viumbe hao wenyewe, hushikamana na chembe za mfinyanzi. Hiyo ndiyo mboji, na ndiyo inayoupa udongo rangi nyeusi, harufu nzuri baada ya mvua na uwezo wa kushika maji.

Bondeni, kwenye dembo, kuna sababu ya ziada. Maji hutuama wakati wa masika na kuzuia hewa, nao viumbe wanaoozesha hufanya kazi polepole. Mabaki hurundikana kwa kasi kuliko yanavyoliwa, na tabaka jeusi huwa nene. Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha Amani huko Tanganyika, alionyesha kwamba udongo mwekundu wa mgongoni, wa rangi nyingine mteremkoni na mweusi wa mbugani hupangwa na mteremko uleule mmoja, kwa sababu maji na chembe hushuka pamoja. Mkulima wa Kamina anayeshuka kutoka kijijini hadi mtoni anakanyaga mpangilio wa namna hiyo.

Jembe linapofungua nyasi, hewa huingia. Bakteria waliokuwa na chakula kingi na hewa kidogo sasa wana vyote viwili, na hula kwa kasi. Wanapokula, huachia naitrojeni na fosforasi zilizofungwa ndani ya mboji. Hayo ndiyo mavuno makubwa ya mwaka wa kwanza: akiba inatumika. Mizizi ya nyasi iliyokuwa ikiijaza haipo tena, na mizizi ya mahindi ni michache mno kuchukua nafasi yake.

Piga hesabu ndogo. Tani moja ya mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni. Hekta ikitoa tani 2 kwa mwaka, baada ya miaka 4 zimeondoka kilo 120 hivi. Ukitaka kuzinunua dukani, ni zaidi ya mifuko 5 ya urea ya kilo 50. Hapo hatujahesabu fosforasi na potasi, wala kilichochukuliwa na moto na mvua.

Hata ardhi nyeusi zinazosifiwa duniani zimepitia njia hii. Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois kilianza mwaka 1876 majaribio yanayoitwa Morrow Plots kwenye udongo mweusi wa nyika, na yanaendelea hadi leo. Kipande kilicholimwa mahindi mfululizo bila kurudishiwa chochote kilishuka mavuno, kilichopewa mzunguko wa mazao na samadi kikakishinda. Kule kuna majira ya baridi kali yanayowalaza viumbe wa udongo miezi kadhaa kila mwaka. Kwetu joto halikatiki, kwa hiyo akiba huisha upesi zaidi.

Pima kabla ya kuamini rangi

Si kila weusi ni mboji. Upo weusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kwenye jembe masika. Upo weusi wa masizi na makaa ya moto wa mwaka jana, ambao ni ngozi nyembamba tu juu ya mchanga. Kabla ya kukodi au kufyeka, fanya mambo matatu.

La kwanza, chimba shimo la kina cha goti na utazame ukuta wake. Weusi ukiishia kwenye upana wa vidole vinne, akiba ni ndogo. Ukishuka hadi mkono mzima, una kitu cha kutunza. Tazama pia mizizi imefika wapi, na kama kuna nyungunyungu na vijishimo vyao.

La pili, chukua bonge la udongo mkavu, kubwa kiasi cha jicho la ng'ombe, ulitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji na usilitikise. Bonge lenye mboji na nyuzi za kuvu hubaki limejishika kwa dakika nyingi, likitoa mapovu machache. Bonge la udongo uliokwisha hubomoka hapohapo na kutua chini kama uji. Udongo wa namna hiyo, mvua kubwa ya Novemba ikiupiga, hufunga uso wake, na maji hukimbilia mtoni badala ya kuingia ndani.

La tatu, jaza udongo mkavu kidogo kwenye kopo tupu la nyanya, uliweke katikati ya makaa ya moto kwenye mbabula kwa muda wa saa moja, ukikoroga mara kwa mara kwa kijiti cha chuma. Mboji huungua. Utasikia harufu ya nyasi na nywele zilizoungua, na rangi itageuka kahawia, nyekundu au kijivu. Linganisha na udongo wa shamba la zamani uliofanyiwa vivyo hivyo. Ambao rangi yake imebadilika zaidi ndio uliokuwa na akiba kubwa.

Wafanyakazi wasioonekana

Katika gramu moja ya udongo wenye afya kuna bakteria mamia ya mamilioni, pengine bilioni moja, pamoja na kuvu na viumbe wengine. Makundi matatu yanamhusu mkulima moja kwa moja.

Kundi la kwanza ni waozeshaji, wanaogeuza majani, nyasi na samadi kuwa chakula cha mmea. Nao wana mahitaji yao. Mabaki makavu kama mabua ya mahindi yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Ukiyafukia kwa wingi wiki moja kabla ya kupanda, waozeshaji huchukua naitrojeni iliyomo udongoni ili waweze kuyala, na mahindi yako huota manjano. Baada ya miezi kadhaa naitrojeni hiyo hurudi. Kwa hiyo mabua makavu yatandazwe juu au yafukiwe mapema, na vitu laini vya kijani vinaweza kufukiwa karibu na kupanda.

Kundi la pili ni kuvu wanaoishi na mizizi. Wana nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofika mahali mzizi haufiki, na huleta fosforasi wakilipwa sukari na mmea. Tunaijua familia yao bila kufikiri. Uyoga mwingi wanaouza akina mama kando ya barabara mvua zinapoanza ni tunda la kuvu walioshikamana na mizizi ya miti ya miombo. Muhogo na mahindi wana kuvu wao wa aina nyingine, wasiotoa uyoga, na muhogo huwategemea sana. Ardhi ikikaa tupu muda mrefu, ikichomwa na kutifuliwa kila mara, nyuzi hizo hukatika na kuvu hupungua.

Kundi la tatu ni bakteria wa vinundu kwenye mizizi ya kunde, karanga, soya, maharagwe na njugu mawe. Hao huchukua naitrojeni kutoka hewani. Nitarudi kwao.

Usiwasahau mchwa. Vichuguu vikubwa vya Katanga vimejengwa kwa mfinyanzi uliopandishwa kutoka chini, na mara nyingi vina kalsiamu nyingi na uchachu mdogo kuliko udongo unaovizunguka. Ndiyo sababu wengi hupanda mahindi juu yake. Kichuguu kilichohamwa kinaweza kubomolewa na udongo wake kusambazwa kwenye sehemu ya mchanga. Lakini usivimalize vyote, kwa maana vilivyo hai hupitisha hewa na maji ardhini, na baadhi hutupa uyoga.

Moto: mwizi anayependwa

Nasema wazi hata kama nitawaudhi wengi: moto wa Agosti na Septemba ndio unaotufukarisha. Unarahisisha kufyeka, unafukuza nyoka, unaleta panya wa kuwinda, na majivu yake huipa mimea nguvu ya haraka. Gharama yake haionekani kwa macho. Naitrojeni na salfa za majani na nyasi hupanda na moshi. Potasi na kalsiamu hubaki kwenye majivu, kisha mvua ya kwanza huyakumba yakiwa juu ya ardhi tupu. Waozeshaji hukosa chakula cha mwaka mzima.

Karibu nasi, Ndola nchini Zambia, watafiti walianza mwaka 1933 kulinganisha vipande vya miombo. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti na kubaki nyasi. Vilivyolindwa dhidi ya moto vilijifunga kuwa msitu. Kilichobadilika hapo ni kiberiti na tarehe ya kukiwasha.

Najua haiwezekani kuzima mioto yote ya wilaya. Linda shamba lako. Mwezi Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, safisha njia ya moto yenye upana wa mita tano au sita kuzunguka shamba. Ukilazimika kuchoma, choma mapema, asubuhi, pasipo upepo, nao majirani wakiwa wameambiwa. Chifu wa kijiji akitangaza siku moja ya kusafisha njia za moto kwa wote, kazi huwa nyepesi na magomvi hupungua.

Zika nyasi badala ya kuzichoma

Wapo ndugu zetu waliotatua tatizo hili zamani bila duka la mbolea. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, wanalima milima yao kwa ngoro. Masika yakielekea mwisho, hukata nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatana kama miraba, kisha huzifunika kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Hubaki mashimo yanayokamata maji na matuta yaliyojaa nyasi zinazooza. Maharagwe hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Wamambwe wa kaskazini mwa Zambia wana fundikila: huparua nyasi pamoja na mizizi yake, huzikusanya kuwa vichuguu vidogo na kuziacha zioze ndani. Baadaye huvipasua na kueneza udongo huo kwa ajili ya ulezi.

Hekima hizi mbili zinakubaliana katika tarehe. Nyasi huzikwa zikiwa mbichi, kabla hazijakomaa na kutoa mbegu, na udongo ukiwa na unyevu. Kwa Kamina, hiyo ni Machi hadi katikati ya Aprili. Waozeshaji hupata wiki kadhaa za kufanya kazi kabla ukavu haujawasimamisha, na mvua za Oktoba zikija humalizia. Anayengoja hadi Septemba anakuta nyasi kavu kama waya, na ndipo hushika kiberiti.

Fanya tuta lenye upana wa hatua moja. Weka nyasi unene wa mkono uliokunjwa, nyunyizia samadi au udongo wa zizi la mbuzi kama unao, funika kwa udongo wa pande zote mbili. Panda kunde au viazi vitamu juu yake. Unapata matembele ya mboga huku chini panaoza. Sehemu ambayo huwezi kuizika, ifunike kwa matandazo. Ardhi isikae uchi chini ya jua la Septemba.

Mikunde ipewe nafasi ya zao kuu

Katika mashamba mengi karanga hupandwa pembeni, kama kitafunwa cha watoto. Napendekeza mikunde ichukue theluthi moja ya shamba kila msimu, na nafasi yake ihame: palipokuwa na mahindi paje karanga au soya, kisha muhogo, kisha mahindi tena.

Hakikisha kwamba bakteria wanafanya kazi. Mmea ukianza kutoa maua, usiung'oe kwa kuuvuta, kwani vinundu hubaki ardhini. Chimba kwa jembe kando yake, unyanyue pamoja na bonge la udongo, suuza kwenye ndoo. Utaona vinundu vimeshika mizizi, vingine vidogo kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Kata kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kama nyama, naitrojeni inachukuliwa hewani wakati huohuo. Kikiwa cheupe au cha kijani, bakteria hao hawakusaidii. Kukiwa hakuna vinundu kabisa, mara nyingi ni soya kwenye ardhi isiyowahi kupandwa soya. Tafuta bakteria wa soya wanaouzwa kwa pakiti, au chota udongo wa shamba ambalo soya yake ina afya na vinundu vizuri, uuchanganye na mbegu zilizoloweshwa kidogo, uzikinge na jua na uzipande siku hiyohiyo.

Na hapa ndipo wengi wanapopoteza faida yote. Karanga hung'olewa na majani yake, hubebwa hadi kijijini, huchambuliwa uani, na majani hutupwa au kuchomwa. Punje zimeondoka na naitrojeni nyingi, majani nayo yameondoka, shamba limebaki na nini? Chambueni shambani, au rudisheni majani. Ni mzigo mwepesi yakikauka, nao una thamani ya mbolea.

Shamba likihitaji kupumzika, usiliachie nyasi tu. Panda mbaazi, au ububa ambao wazee wanaujua kwa kulevya samaki. Miaka miwili ya mimea hii huangusha majani mengi yenye naitrojeni, na vijiti vyake ni kuni. Wakulima wengi wa Zambia ya mashariki wametumia njia hii. Lakini ububa ni sumu kwa samaki: usiupande ukingoni mwa mto, wala usiutupe majini.

Samadi, mboji na alizeti mwitu

Mbuzi wanaolala nje hutawanya mbolea njiani. Wajengee zizi lenye paa, utandike nyasi kavu au mabua kila juma, ukiongeza vumbi la makaa lililobaki chini ya gunia. Nyasi na vumbi hilo hunyonya mkojo, ambao una naitrojeni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya miezi michache toa mchanganyiko wote uupange lundo lenye kimo cha kiuno, ufunike kwa majani ya ndizi ili jua na mvua visiuharibu.

Asiye na mifugo atengeneze mboji: tabaka la vitu vikavu, tabaka la vitu vya kijani, koleo chache za udongo mweusi ili kuleta viumbe, maji ya kutosha hadi kiganja kinacholikamua kibaki na unyevu bila kudondosha. Choma kijiti kirefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache ukikichomoa kiwe cha moto mkononi. Kikiwa baridi na kavu, ongeza maji na majani mabichi. Kikinuka uvundo, lundo limekosa hewa, ligeuze. Geuza kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, lenye kunukia kama msitu.

Alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano inayojiotea kando ya barabara na kwenye mahame, ni mbolea iliyosimama bure. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na zaidi ya asilimia 4 ya potasi. Huoza haraka sana. Kwa shamba la hekta ni kazi kubwa mno kuyabeba, hivyo yatumie penye faida ya haraka: vitalu, nyanya, kabichi na lenga-lenga.

Uchachu na fosforasi

Udongo mwingi wa nchi zenye mvua kama yetu una uchachu, na uchachu ukizidi, aluminiamu huyeyuka na kuziunguza ncha za mizizi. Dalili ni hizi: maharagwe yanadumaa ambapo muhogo unastawi, na mizizi ya mahindi ni mifupi na minene. Bakteria wa vinundu nao huteseka.

Dawa ya kwanza iko jikoni. Majivu ya kuni hupunguza uchachu na kuleta potasi. Yatunze pakavu, kwa sababu yakinyeshewa potasi hupotea. Weka konzi moja kwa shimo, uchanganye na udongo kabla ya kutia mbegu. Usiyachanganye na urea wala samadi mbichi, kwani naitrojeni itageuka hewa na kutoroka. Dawa ya pili ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Lubudi, mji ulio kwenye reli yetu ya kusini, una mawe hayo na unajulikana tangu zamani kwa saruji. Vikundi vya wakulima vikiungana kuagiza behewa moja, gharama hushuka. Pimeni uchachu kwanza, msizidishe, na msichanganye chokaa ya kilimo na chokaa iliyochomwa ya kujengea, ambayo huunguza mikono na mbegu.

Mbolea ya dukani ina nafasi yake

Sikubaliani na wanaosema mbolea ya viwandani inaua udongo. Inaharibu pale inapotumiwa peke yake, mwaka hadi mwaka, bila kurudisha kitu cha kuoza. Udongo wenye mboji huishika, na mmea huila. Udongo mtupu huiacha ishuke na maji, na fedha yako inaishia mtoni.

Usiimwage juu ya shamba zima. Udongo wenye chuma na aluminiamu hukamata fosforasi na kuifunga. Weka kifuniko kimoja cha chupa ya soda, kilichojaa sawasawa, gramu 5 hivi za NPK, kando ya kila shimo upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mbegu, kisha funika. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, hiyo ni kama kilo 130 kwa hekta, chini ya mifuko 3. Mahindi yakifika magotini, weka nusu ya kifuniko cha urea kwenye udongo wenye unyevu na ufunike. Urea iliyoachwa juani hupotea.

Dembo lisikaushwe

Mabonde meusi hutulisha kiangazi, wakati juu hakuna kitu. Kwa hiyo yanahitaji adabu ya pekee. Ukichimba mfereji mrefu wa kulikausha dembo lote, unawapa waozeshaji hewa yote kwa mpigo: weusi huliwa, udongo hushuka na kuwa mgumu, na chemchemi hukauka. Lima pembezoni, kwa matuta yaliyoinuliwa, na uache katikati na kichwa cha bonde kwenye nyasi zake. Panda mpunga panapotuama maji. Urea usiitie kwenye maji yaliyosimama, kwa sababu kuna bakteria wasiohitaji hewa wanaobadilisha naitrojeni kuwa gesi. Ngoja maji yapungue, kisha weka kidogo kidogo.

Pa kuanzia

Hakuna nyumba yenye mikono ya kufanya haya yote kwa msimu mmoja, na kazi ya kubeba nyasi isitwikwe mama na watoto peke yao. Anza na robo ya shamba, ile iliyo karibu na nyumba. Machi zika nyasi na upande kunde. Mei safisha njia ya moto. Kiangazi jenga zizi na uanze lundo la mboji. Oktoba weka konzi ya samadi, na majivu kidogo ikiwa samadi imekwisha kuoza, kwa kila shimo. Novemba panda mahindi kwa kifuniko cha NPK. Mwaka unaofuata, weka karanga hapo na uhamie robo nyingine.

Upande mmoja wa robo hiyo, acha mistari michache ilimwe kama zamani. Vuna kila upande peke yake, pima kwa debe lilelile, mbele ya familia yote. Takwimu za debe lenu zitawashawishi kuliko maneno yangu.

Na kabla hujamwaga jasho kwenye ardhi ya kukodi, keti na chifu wa kijiji na wenye udongo, mkubaliane miaka na si msimu, muandike, mashahidi wawepo. Mtu hatalisha udongo atakaonyang'anywa mwakani. Machifu wetu wana jukumu hapa kubwa kuliko la mtaalamu yeyote: anayempa kijana miaka kumi anampa sababu ya kurudisha mboji, na anayemhamisha kila mwaka anamfundisha kuchovya na kuondoka. Ardhi yetu nyeusi bado ipo. Aliye na jembe na aliye na neno la mwisho juu ya ardhi waketi pamoja kabla ya Machi.